Vinanda vidogo vinne, na bayati moja

Mtu akiniuliza anunue kinanda gani kidogo cha MIDI cha kutengenezea muziki nyumbani, humuuliza kwanza: unapiga nini? Wengi hujibu "biti". Haya, biti ni kazi, na vinanda vya biti vimejaa madukani. Lakini akisema anapiga kaswida, au taarabu, au anataka kumwekea dada yake fidla nyuma ya sauti, hapo inabidi tukae chini tuzungumze. Karibu kila anayekagua vifaa hivi mtandaoni ni mtu ambaye hajawahi kuhitaji noti inayokaa katikati ya E flati na E. Atakuhesabia pedi za kugonga, atakuhesabia nobu za kuzungusha, atakusifia taa za rangi. Pichi-bendi, yaani kile kijiti au gurudumu la kupindia sauti, itapata sentensi moja, tena mwisho mwisho.

Kwangu pichi-bendi ndiyo inayoamua. Nobu nane ninazo kwenye kinanda kimoja na sikumbuki mara ya mwisho nilizigusa lini.

Mimi ni mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu hapa Tanga. Tunapiga harusini, kwenye mikesha, na mara mojamoja tunaitwa Pangani au Muheza. Kinanda cha kazini ni Korg ya aina ya Pa, ile ambayo unabonyeza kitufe noti yoyote unayoitaka ikashuka robo toni, yaani nusu ya hatua kutoka kibonyezo kimoja hadi jirani yake. Yamaha nao wana mfululizo wa PSR-A uliotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu. Hivyo ni vinanda vya jukwaani, vizito na ghali, na chetu ni mali ya kikundi. Hakilali kwangu. Nyumbani Ngamiani nina meza ya kushonea ambayo nusu yake ni ya cherehani na nusu ni ya laptop, na hiyo nusu ya laptop ndiyo studio. Kinanda chochote kisichoingia hapo hakinihusu, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwa wanaoanza niseme hili moja, kwa sababu nimeshaona watu wakinunua halafu wakarudi dukani wamekasirika kwamba kinanda "hakilii". Kinanda cha MIDI hakina sauti. Hakina spika, na ukikichomeka kwenye amplifaya hutasikia kitu. MIDI ni lugha ya maagizo waliyokubaliana watengenezaji mwaka 1983 ili kinanda cha kampuni moja kiongee na cha nyingine: noti namba fulani imebonyezwa (C ya kati ni 60), imebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani kati ya 0 na 127, imeachiwa, pichi imepindwa. Sauti yenyewe inatoka kwenye programu ndani ya kompyuta au simu.

Na kwa nyumba kama yangu hiyo ni neema. Nikirekodi kwa maikrofoni napata na jogoo wa jirani, bodaboda, adhana ya msikiti wa mtaa na mwanangu anayeita "mama" kutoka uani. Nikirekodi MIDI sipati hata kimoja katika hivyo. Naweza kupiga saa sita usiku na hedfoni masikioni, nyumba nzima imelala, na kesho nikaigeuza fidla kuwa akodiani bila kupiga upya.

Sasa, bayati. Ni moja ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Wenye kujua watanivumilia. Maqamu ya hijazi na nahawandi unaweza kuzipiga kwenye kinanda chochote duniani, noti zake zote zipo kwenye vibonyezo: hijazi ya D ni D, E flati, F shapu, G, na kuendelea. Bayati ya D inataka E iliyoshuka robo toni. Rasti ya C inataka E hiyohiyo na B nayo imeshuka robo toni. Ukipiga bayati kwa E flati ya kawaida unapata kitu kinachofanana na muziki wa filamu za Kihispania. Ukipiga kwa E kamili ndiyo kabisa, unachekwa. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya enzi zile. Bibi aliyekaa mkekani nyuma kabisa, anayechambua mchele, atainua kichwa.

Kuna njia mbili za kuipata noti hiyo kwenye kinanda kidogo. Ya kwanza ni kuipinda kwa mkono. Ya pili ni kuibadilisha tyuni ya chombo ndani ya programu. Nitaanza na ya mkono kwa sababu ndiyo inayotofautisha vinanda.

Ujumbe wa pichi-bendi una ngazi 16,384, kwa hiyo usiambiwe kwamba MIDI haina uwezo wa robo toni. Uwezo upo tele. Tatizo ni kidole chako. Vyombo vingi vya programu vinakuja vimepangwa ili ukisukuma pichi-bendi hadi mwisho, sauti ipande au ishuke nusu toni mbili. Maana yake robo toni iko robo ya safari tu kutoka katikati. Kwenye kinanda kikubwa robo ya safari ni umbali unaouona kwa macho. Kwenye kinanda kidogo ni milimita chache. Hatua ya kwanza, kwenye kinanda chochote kile: ingia kwenye chombo chako, punguza masafa ya pichi-bendi kutoka 2 hadi 1. Sasa robo toni iko nusu ya safari, na maisha yanakuwa mepesi kidogo.

Akai MPK Mini, toleo la tatu, ndiyo niliyoinunua mwenyewe, mpya, Kariakoo. Hiyo ndiyo utakayoiona kila mahali; ukiingia studio yoyote ya chumbani kuanzia Mbagala hadi Makorora utaikuta, kama si hiyo ni toleo la pili lililochubuka. Ina vibonyezo 25 vidogo, pedi nane, nobu nane, na kijiti chekundu cha kidole gumba kinachokwenda pande nne. Pedi zake ni nzuri kuliko za vinanda vyote nilivyovigusa vya bei hiyo: nene, zinajibu, zinastahimili kipigo. Ina arpejeta ndani yake, inayozipiga noti ulizoshikilia mojamoja yenyewe, na kitufe cha kurudia noti, na ina tundu la pedali ya kushikilia sauti. Uzito wake ni kama robo tatu ya kilo, unaingia kwenye mkoba wa kawaida.

Kijiti, hata hivyo, kwa mambo yetu ni mtihani. Kushoto na kulia kinapinda pichi, juu na chini kinatuma modulesheni, na kidole gumba cha mtu hakiendi kwenye mstari ulionyooka. Unashusha E yako, na bila kutaka umeiongezea na mtetemo. Dawa yake ni kuingia kwenye programu yake ya kuhariri ukabadilisha kazi ya ule mhimili wa juu na chini, ukaupa namba ambayo chombo chako hakiisikilizi. Hilo linaondoa mtetemo. Lakini haliondoi springi. Springi ni ngumu na safari ni fupi, na kushikilia nusu ya safari kwa muda wa noti ndefu, halafu uiachie irudi katikati kabla ya F, kunahitaji utulivu ambao mimi ninao kwa nusu saa tu, baada ya hapo mkono unaanza kuchoka na noti zinaanza kuyumba. Kwa kupamba, kwa ile "uii" ndogo ya mwisho wa sentensi ya fidla, kijiti kinatosha na hata kinapendeza. Kwa kusimama juu ya robo toni, hapana.

Arturia MiniLab 3 niliipata kwa binamu yangu alipokuja likizo kutoka Maskati. Aliiacha kwangu muda mrefu kuliko alivyokusudia. Ilitoka mwaka 2022. Hii ukiishika tu unajua imetengenezwa kwa uangalifu: ni nzito, karibu kilo moja na nusu, haitelezi mezani hata cherehani ikitikisa. Vibonyezo 25, pedi nane zilizopangwa mstari mmoja, nobu nane, na fada (vitelezi) nne ambazo vinanda vingi vya ukubwa huu havina. Nyuma kuna tundu la MIDI la zamani, lile la duara la pini tano, kwa mtu mwenye vinanda vya enzi zile. Vibonyezo vyake navipenda kuliko vya Akai. Ni vidogo vilevile, ila vinashuka kwa upole na unaweza kupiga taratibu ukapata sauti ndogo kweli. Kwenye Akai kati ya taratibu na nguvu mimi sioni nafasi kubwa.

Pichi-bendi ya MiniLab ni utepe wa kugusa, na wa pili kando yake ni wa modulesheni. Hakuna springi ya kupigana nayo, kwa hiyo mkono hauchoki. Lakini utepe haukuambii kitu. Kidole hakijui kiko wapi mpaka sikio liseme, na kwa joto la Tanga la Februari, vidole vikiwa na jasho, kuna wakati vinanata na kuna wakati vinateleza. Niliweka kitambaa kidogo kando, nikawa najifuta kati ya mstari na mstari wa wimbo. Nilirekodi nayo kaswida mbili za madrasa ya jirani, zote rasti, na nilikubali matokeo baada ya kuzihariri zile pinde kwa kipanya. Sasa kama nitahariri kwa kipanya, pichi-bendi ya nini tena?

Novation Launchkey Mini, toleo la tatu, ni ya kijana mmoja wa singeli anayekuja kwangu kujifunza kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Hunisalimia "shikamoo anti" halafu anafungua faili la mwendo wa zaidi ya biti 200 kwa dakika. Kwa kazi yake sina la kumwambia: pedi 16 za safu mbili, arpejeta, kitufe cha kodi kinachokuwezesha kupiga kodi nzima kwa kidole kimoja, na inaelewana na Ableton Live, programu ya kutengenezea muziki, kiasi kwamba haangalii skrini. Pichi-bendi yake nayo ni utepe, na niliyosema kuhusu utepe wa Arturia yanatosha. Pedi zake zina taa nzuri lakini kwangu ni nyepesi, nikizipiga naona kama hazijasikia. Yeye anasema mimi nabonyeza kama nafua. Inawezekana.

Na hapa niseme jambo kuhusu singeli, kwa kuwa nilikuwa nadhani vijana hawa hawahitaji pichi-bendi. Wanaihitaji sana. Zile sauti za kinanda zinazolia juu kabisa, zinazopanda na kushuka kama king'ora, zimetoka taarabu ya kisasa moja kwa moja. Tofauti ni kwamba yeye anapinda hadi mwisho na kurudi, hana haja ya kusimama katikati. Kwa hiyo utepe unamfaa, na kijiti cha Akai kingemfaa zaidi.

Cha nne ndicho kilichobaki mezani. Korg microKEY yenye vibonyezo 37, mkono wa pili, niliyouziwa na mpiga kinanda wa kanisani Mombasa aliyekuwa anahamia kwenye kikubwa. Haina pedi. Haina nobu. Haina skrini. Ukiiweka kando ya MPK Mini utadhani mtu amesahau kuimalizia. Lakini ina magurudumu mawili ya kweli upande wa kushoto, moja la pichi na moja la modulesheni, na ina oktava tatu. Angalia hapo unaponunua, kwa sababu ile microKEY ndogo zaidi, ya vibonyezo 25, haina magurudumu, ina kijiti.

Gurudumu lina duara la safari unaloweza kuliona na kulihisi. Nilichofanya ni hiki: nilifungua chombo nikaweka masafa ya pichi-bendi kuwa nusu toni moja, nikawasha tyuna kwenye programu, nikashusha E taratibu mpaka sindano ikaonyesha senti 50 chini (nusu toni ina senti 100), nikashikilia hapo, na kwa mkono mwingine nikatia tone la rangi ya kucha kwenye gurudumu, pale linapokutana na ukingo wa tundu lake. Sasa naona kwa jicho la pembeni. Tone likifika ukingoni, niko bayati. Mume wangu alipoliona aliuliza kama kinanda nacho kinakwenda harusini.

Hata hivyo gurudumu halitatui kila kitu. Pichi-bendi inapinda chaneli nzima. Ukiwa umeshika D na A kwa mkono wa kulia halafu ukaipinda E, vyote vinashuka pamoja, na mtu atakayesikiliza atadhani kaseti imelowa. Kwa mstari mmoja wa fidla, nai au akodiani hakuna shida, piga noti mojamoja. Kwa qanuni, au kwa kodi yoyote iliyo na noti iliyoshuka, ni lazima njia ya pili.

Njia ya pili ni bure na wengi hawaijui. Kuna sinthesaiza ya programu inaitwa Surge XT, hailipiwi, na kuna nyingine inaitwa Vital yenye toleo la bure. Zote zinakubali faili la tyuni la aina ya Scala, ambalo mwisho wa jina lake ni .scl. Faili hilo ni maandishi matupu. Unalifungua Notepad na kuliandika mwenyewe. Mstari wa kwanza ni jina la kupenda kwako, wa pili ni namba 12, halafu unaandika noti kumi na mbili kwa senti, kila moja mstari wake, ukianza na ile inayofuata C. Kwa rasti ya C mimi naandika 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0, 600.0, 700.0, 800.0, 900.0, 1000.0, 1050.0, na 1200.0. Hiyo 350 ni E yetu, badala ya 400, na 1050 ni B badala ya 1100. Usiache nukta: ukiandika 350 bila nukta programu itaisoma kama uwiano wa mitetemo ya sauti, na utasikia maajabu. Faili hilohilo linakupa na bayati ya D, maana E ndiyo ileile na B flati iko pale pale kwenye 1000. Ableton Live 12, iliyotoka mwaka 2024, nayo imeongezewa tyuni ndani yake, na programu ya Logic inayo kwenye mipangilio ya mradi.

Mpiga fidla mzuri hasimami kwenye 350 kamili, hilo najua. E ya rasti inapanda kidogo mstari ukienda juu na kuzama ukirudi, na bayati iko chini ya hapo tena. Ndiyo maana natumia njia zote mbili: faili la tyuni kwa qanuni na kodi, gurudumu kwa fidla. Mkono unakosea kidogo na kukosea huko ndiko kunakofanya fidla ya kompyuta isisikike kama mashine ya kuhesabia pesa.

Kuhusu vibonyezo 25 dhidi ya 37, watu wanabishana sana, na mimi nilikuwa upande wa 25 mpaka nilipopiga 37. Oktava mbili zinatosha besi. Zinatosha kodi. Kwa mstari wa uimbaji wa taarabu hazitoshi, kwa sababu fidla inajibu mwimbaji juu halafu inashuka yenyewe mpaka chini kwa pumzi moja, na wewe katikati ya pumzi hiyo unatafuta kitufe cha oktava. Unaweza kurekodi vipande viwili ukaviunga, nimefanya hivyo mara nyingi, lakini kiungo nakisikia. Oktava moja zaidi imeniondolea karibu usumbufu wote huo. Kutoka 37 kwenda 49 sikuona haja, na cherehani isingekubali.

Ukubwa wa kibonyezo ni jambo jingine. Oktava ya piano ya kawaida ni kama sentimita 16.5, na vinanda vyote vinne hivi ni vyembamba kuliko hapo. Mimi mkono wangu mdogo, sina malalamiko. Kijana wa singeli ana vidole vya baharia, anagonga noti mbili mbili. Kama una mkono huo, achana na mini kabisa, tafuta vya vibonyezo vya kawaida: Nektar wana Impact LX25+, M-Audio wana Oxygen 25. Vinachukua nafasi zaidi mezani.

Mambo madogo yanayouma baadaye. Waya: MPK Mini inatumia waya wa printa, ambao utaupata kwenye kila duka la steshenari nchini. MiniLab inatumia USB-C, ule wa simu za sasa. Launchkey Mini ya toleo la tatu inatumia ule mwembamba wa simu za zamani, na tundu lake ndilo ninaloliogopea kuliko yote, usichomoe kwa kuvuta waya. Simu: vyote hivi vinaweza kuingia kwenye Android kwa waya wa OTG, na nimemwona mtu akitengeneza wimbo mzima kwa FL Studio Mobile hivyo. Ila kinanda kinakula chaji ya simu, na taa za pedi ndizo zinazokula. microKEY isiyo na pedi za taa inakula kidogo sana. Umeme ukikatika, laptop yangu inavumilia zaidi nayo. Kuna microKEY Air pia, ya Bluetooth na betri mbili ndogo za AA, nzuri kwa kutungia kitandani, lakini kwa kurekodi bado nachomeka waya.

Zile programu za zawadi zinazokuja na kinanda, zichukulie kwa kiasi. Arturia wanatoa Analog Lab Intro na Live Lite (Ableton Live iliyopunguzwa), Novation wanatoa Live Lite, Akai wana MPC Beats ambayo hata asiye na kinanda chao anaweza kuipakua bure. Sauti ni nzuri. Lakini ni gigabaiti kadhaa, hivyo kwa wanaotumia bando za simu, bei ya kinanda haijaishia dukani. Na ukinunua mkono wa pili, hesabu kwamba namba za kuzifungulia zilishatumika.

Halafu kuchelewa kwa sauti. Wanafunzi wanaolalamika kwamba kinanda kinachelewa, karibu wote kinanda chao ni kizima. Ni mipangilio ya sauti ya kompyuta. Kwenye Windows pakua ASIO4ALL, ni bure, halafu punguza bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 512 kwa 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 11 na ushei kabla hujahesabu mengine. 128 ni karibu milisekunde 3. Ikianza kukwaruza, panda hadi 256. Msinunue kinanda kipya kwa ajili ya hilo, tafadhali.

Kwa hiyo nikiulizwa: biti na singeli, MPK Mini, na kama una Ableton basi Launchkey. Unataka kifaa kimoja kizuri cha kila kitu na una fedha kidogo zaidi, MiniLab 3, sitakubishia. Kaswida, taarabu, chochote chenye fidla au nai ndani yake, tafuta chenye gurudumu, hata kiwe cha zamani, hata kiwe kimefubaa.

Cha mkono wa pili ukijaribu dukani, nenda na laptop yako. Fungua programu yoyote inayoonyesha namba za MIDI, kisha piga kila kibonyezo, cheupe na cheusi, taratibu sana. Namba zote za nguvu ziwe ndogo. Kimoja kikiruka hadi 127 wakati umekigusa tu, au kikikaa kimya, ni vumbi au chumvi ya bahari imeingia kwenye raba za chini. Hilo linasafishika kwa pamba na spiriti, ila lisafishike kwa punguzo. Halafu sukuma gurudumu, uliachie, uangalie kama linarudi sifuri. Lisiporudi, rudisha kinanda kwa mwenyewe. Raba utasafisha, kinanda ambacho hakijui katikati yake ni wapi kitakupigia bayati hata kwenye wimbo wa hijazi.